Mtoto wa mbwa anakojoa barazani, nimfunze vipi?

Mkaazi wa Fuoni
Assalaam aleikum. Nina mtoto wa mbwa, dume, wiki tisa, wa kulinda nyumba. Analala bandani uani, lakini kila akifunguliwa anakwenda kukojoa barazani, na mlango ukiachwa wazi anaingia ukumbini hadi kwenye busati. Nyumba inasaliwa, kwa hiyo jambo hili haliwezi kungoja. Uani nusu saruji, nusu mchanga. Nimzoeshe vipi aende pahala pamoja tu? Na hii ya kumsugua pua kwenye mkojo wake ina faida yoyote?

Mfugaji Bububu
Waaleikumu salaam. Pua usimsugue. Mbwa haunganishi adhabu na jambo lililokwisha kupita. Anachokishika ni kuwa kukojoa mbele yako ni khatari. Atajificha nyuma ya mapipa, na hata ukimtoa nje atazuia mkojo mpaka ugeuke. Sasa utamsifu kwa lipi, na hukumuona?

Wiki tisa ni mdogo sana. Kipimo cha kukisia: hesabu miezi yake, ongeza moja, hizo ndizo saa anazoweza kuzuia. Wa miezi miwili ni saa tatu, tena akiwa ametulia. Akiwa anacheza, hata nusu saa ni nyingi. Mtoe akiamka tu, akimaliza kucheza, na baada ya kula (kawaida baina ya dakika 5 na 30). Saa nyepesi ya nyumba zetu ni adhana, lakini usitegemee adhana peke yake: kutoka alfajiri hadi adhuhuri ni kama saa saba, na huo ndio muda baraza inapoharibiwa. Tia safari tatu hapo katikati. Usiku mtoe mnapokwenda kulala, na mara moja nyengine kiasi cha saa nane, mpaka afike miezi minne hivi.

Kumtoa kwenyewe: kamba fupi shingoni, njia ile ile, pembe ile ile. Simama kimya, usicheze naye. Tamka neno moja, na nyumba nzima itumie hilo hilo. Mpe dakika tano. Akimaliza tu, msifu na mpe kidagaa pale pale, ndani ya sekunde mbili tatu. Wengi humpa wakisharudi mlangoni, kwa hiyo mbwa anajua kulipwa kwa kurudi mlangoni. Akikataa, mrudishe bandani robo saa, kisha mtoe tena. Kuzurura ni baada ya kukojoa, si kabla.

Ukimkuta katikati ya tendo, piga kofi moja la mikono, mbebe, malizieni pembeni kwake. Ukikuta mkojo umeshapoa, chukua tambara unyamaze.

Bi Chwaka
Naongeza la saruji, maana nadhani ndilo tatizo lako. Mbwa mchanga huzoea kile anachokikanyaga anapojisaidia, na mazoea hayo hushika katika umri huu huu wa wako. Kama amekulia juu ya saruji, atatafuta saruji, na baraza ni saruji. Chagua pembe ya mchanga, kiasi cha mita mbili kwa mbili, chini ya mti. Mchanga wa jua la saa saba unaunguza nyayo, atakimbilia kivulini, na kivuli kipo barazani. Weka hapo tambara ulilofutia mkojo, harufu itamwita. Masika yakija ezeka vipande viwili vya makuti juu yake, kwani mbwa wengi hukataa kutoka nje mvua ikinyesha.

Magazeti ndani ya nyumba sikushauri. Yanamfundisha kuwa ndani panafaa, na tena kwetu gazeti huwa na jina la Mwenyezi Mungu ndani yake.

Usafi: kwanza twahara, kwa madhehebu ya Shafii mara saba, moja kwa maji yaliyochanganywa na udongo safi. Baada ya hapo, kwa ajili ya pua ya mbwa, pitisha siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, uache dakika kumi. Harufu ikibaki atarudi pale pale. Jiki usimwage juu ya mkojo: ikikutana na amonia inatoa hewa ya sumu. Busati likunjwe kwa sasa, na mlangoni weka ubao wa kiasi cha nusu mita.

Mkaazi wa Fuoni
Shukran sana. Asubuhi namkuta ameshajisaidia mle mle bandani. Banda ni kubwa, nililijengea ukubwa wake wa baadaye.

Mifugo Wete
Basi hapo ndipo. Mbwa hapendi kuchafua anapolala, lakini banda likiwa kubwa analala pembe hii na kwenda choo pembe ile. Ligawe kwa ubao: asimame, ageuke, ajinyooshe, basi. Sogeza ubao kadiri anavyokua. Na usimfunge mnyororo kutwa nzima. Aliyefungwa hujisaidia alipo, na ile haya ya kuchafua malazi humtoka.

Chakula mara tatu au nne kwa siku kwa saa maalumu, sahani iondolewe baada ya robo saa. Chakula kinachokaa kutwa huleta choo cha kutwa. Cha mwisho kiwe kabla ya magharibi. Maji usimnyime, hasa joto la kaskazi. Yaondoe saa moja tu kabla ya kulala. Maziwa ya ng'ombe na wali wa nazi vinaweza kumharisha, na anayeharisha hafunziki.

Dawa ya minyoo kila wiki mbili mpaka wiki 12, halafu kila mwezi mpaka miezi sita. Mavi yaokotwe kila siku, yafukiwe mbali na kisima. Mayai ya minyoo ya safura huanguliwa mchangani, na baada ya siku kadhaa vijidudu vyake hupenya nyayo za watoto wanaotembea peku, ikawa mistari myekundu inayowasha. Barabarani asitoke mpaka amalize chanjo, kwa hiyo mafunzo yote ni hapo uani.

Akikojoa kidogo kidogo kila mara, au mkojo una damu, huyo ni wa daktari wa mifugo. Na akijikojolea mnapomsalimia, ni woga, si ukaidi. Chutameni ubavuni pake, msimuinamie kichwani.