Msimamizi amesaini wiki zote 12 kwa mkupuo mmoja, nasi tuko peke yetu na wagonjwa

Ninasoma mwaka wa mwisho wa shahada ya huduma za afya ya akili na ustawi wa jamii katika chuo kikuu cha umma, na naandika nikiwa na hasira ambayo sioni sababu ya kuificha.

Wiki ya nne ya mafunzo kwa vitendo nilikuwa peke yangu na mteja, tukijaza dodoso la PHQ-9 la kupima sonona. Maswali manane alijibu bila shida. Alipofika swali la 9, linalouliza iwapo katika wiki 2 zilizopita amewaza kwamba ni heri afe au ajidhuru, alinyamaza, akaizungusha kalamu vidoleni, kisha akaweka alama kwenye 2, yaani zaidi ya nusu ya siku hizo. Jumla yake ilikuwa 13 kati ya 27, kiwango kinachohesabiwa kuwa cha wastani, na anayetazama jumla pekee angemruhusu aende zake. Nilimpigia msimamizi wangu mara tatu, hakupokea. Aliyeniokoa ni muuguzi aliyekuwa akipita, ambaye hata hakuwa na wajibu wowote kwangu, akaniambia nisimwache mtu huyo peke yake hata dakika moja mpaka daktari afike.

Msimamizi alitokea wiki ya 12. Alikaa dakika kumi, akasaini kurasa zote kwa wino uleule, na penye maoni akaandika kila wiki: "Anaendelea vizuri."

Darasani nako bado tunasomeshwa vigezo vya DSM-IV, toleo la nne la mwongozo wa Kimarekani wa kutambua magonjwa ya akili, la mwaka 1994, ilhali toleo la tano lilitoka mwaka 2013 na ICD-11, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, ilianza kutumika Januari 2022. Hilo nitajisomea maktaba. Usimamizi siwezi kujipa mwenyewe.

Idara inajitetea kwamba wahadhiri ni wachache. Sawa, lakini mbona kila mwaka udahili unaongezwa? Nilipoomba kuonana na mnasihi wa wanafunzi, maana usingizi ulikuwa umenipaa, nikaambiwa mnasihi ni msimamizi yuleyule.

Ninachodai ni saa moja kila wiki ya kupitia kesi zetu na mtu mwenye ujuzi, pamoja na namba ya simu inayopokelewa wakati mteja bado yuko kitini.