Baiskeli ya umeme: ngazi 3, 4 na 5 za msaada hazina tofauti, na mlimani inazima

mpanda_shangani
Wakuu salaam. Baiskeli ni ya bei nafuu: 36V, mota ya 250W kwenye gurudumu la nyuma, betri 10Ah, skrini ndogo yenye mipangilio ya P01 hadi P16. Shida ni tatu. Ngazi ya 1 na ya 2 zinatofautiana, lakini 3, 4 na 5 ni kitu kimoja. Nikianza kupiga pedali mota inachelewa karibu mzunguko mzima, kisha inasukuma kwa kushtukiza. Na kwenye mwinuko wa kwenda Boma, Mikindani, nikiwa ngazi ya 5 kila kitu kinazima. Nikiwasha tena, betri inaonyesha nusu. Ekseleta ya mkononi inafanya kazi. Fundi anasema nibadilishe kontrola (kisanduku kinachogawa umeme kwa mota). Nimsikilize?

waya_mwekundu
Usitoe hela kwanza. Ekseleta ikisukuma sawasawa, mota na kontrola ni vizima. Hata swichi za breki, zinazokata mota ukishika breki, ziko salama, maana ikigandia moja tu ekseleta nayo inakufa. Vilivyobaki ni sensa ya pedali, mipangilio na betri, na kila shida yako hapo inaweza kuwa na chanzo chake.

Hiyo ya ngazi kufanana huenda wala si ubovu. Baiskeli za bei hii hazipimi nguvu ya mguu. Sensa inajua tu kwamba pedali inazunguka, na kontrola nyingi hugawa ngazi kwa kasi: ukifika kasi ya ngazi hiyo, mota inaacha kusukuma. Inua gurudumu la nyuma, zungusha pedali kwa mkono, soma kasi ya kila ngazi. Kama 4 na 5 zinaishia namba moja, tazama P08, ndicho kikomo cha kasi. Kama hewani zinatofautiana ila barabarani hazitofautiani, basi mota imefika mwisho wa uwezo wake; 250W ukikutana na upepo wa kusi uso kwa uso ni kidogo.

Skrini yenye mpangilio huo kwa kawaida ni ya aina ya S866. Bonyeza + na – pamoja kama sekunde mbili. Kabla hujagusa chochote, PIGA PICHA kila namba. Kisha:
P06 ni kipenyo cha gurudumu kwa inchi. Ikikosewa, kasi yote ni ya uongo.
P11 ni wepesi wa sensa. Badilisha hatua moja au mbili, jaribu, ndipo uendelee.
P12 ni ukali wa kuanza, 0 hadi 5. Ukishtuliwa, shusha.
P13 ni idadi ya sumaku kwenye kisahani: 5, 8 au 12.
P03 (volti ya betri) na P14 ziache. P14 ni kikomo cha ampea, na wengi wanaipandisha wakitafuta nguvu. Wanachopata ni kontrola iliyoungua.

mafuta_ya_korosho
Mimi nisingeanza na skrini. Kuchelewa mzunguko mzima ni dalili ya sumaku au waya. Karibu na ekseli ya pedali kuna kisahani cha plastiki chenye sumaku, na sensa imekikabili. Nafasi kati yao iwe milimita 1 hadi 3, na kisahani kisiyumbe. Mchanga ukiingia hapo unasukuma kisahani taratibu hadi sensa inaona sumaku nusunusu.

Hesabu sumaku zote. Halafu fungua plagi ya sensa. Huku pwani chumvi ndiyo adui: ukiona kijani kwenye pini, safisha kwa spiriti kali na mswaki, acha ikauke kabisa, paka grisi ya silikoni kidogo kwenye mpira, rudisha plagi mishale yake ikitazamana. Usiizungushe wakati wa kuisukuma, pini zinapinda.

Ukiwa na mita, weka DC 20V. Nyekundu na nyeusi zitoe karibu 5V. Waya wa tatu upande na kushuka kila sumaku inapopita. Usipocheza, sensa imekufa, na hiyo ni rahisi kuliko kontrola.

mpanda_shangani
Nimepima. Kisahani ni cha 12, sumaku moja imeng'oka. P13 iko 12. Gurudumu likiwa hewani, ngazi ya 3 inaishia km 20 kwa saa, ya 4 na ya 5 zote 25. P08 ni 25. Betri ikiwa imetulia 38.4V, mlimani inaporomoka hadi 31 ndipo inazima. Sumaku nairudishaje?

mafuta_ya_korosho
Kwa supaglu, ila angalia upande. Uso unaotazama sensa usukumane na nyuso za sumaku nyingine. Ukivutana nazo, umeigeuza, na sensa haitaiona. Weka alama kwa kalamu kabla ya kupaka gundi. Sumaku moja tu haielezi kuchelewa kote huko, kwa hiyo plagi isafishe vilevile.

waya_mwekundu
Ngazi basi hazina tatizo: 4 na 5 zinagota kikomo cha 25, na ya 3 ikifanana nazo barabarani, ni mota imefika mwisho wa uwezo wake. Kubwa ni betri. Kushuka volti 2 au 3 mlimani ni kawaida. 7 ni nyingi mno. Chaji hadi taa iwe kijani, iache kwenye chaja saa mbili tatu zaidi ukiwa karibu nayo, kisha pima: 36V iliyojaa ni 42V. Ikiwa chini ya 41, yapo makundi ya seli yaliyobaki nyuma, na fundi wa betri ayapime moja moja, yapo kumi. Ikisoma 42 na bado inaporomoka, seli zimechoka au kiungo kimelegea. Gusa plagi ya betri baada ya kupanda, ikiwa ya moto anza hapo.

Kwa sasa panda mlima ukiwa na kasi tayari, ngazi ya 3, na miguu ifanye kazi. Mota ya gurudumuni ikizunguka polepole chini ya mzigo ndipo inapovuta ampea nyingi zaidi.