Umepasuliwa, jaraha limepona, vipimo "safi" lakini pumzi hazitoshi: tupeane uzoefu

Ghorofa ya Nne
Asalaam aleykum jamani. Nlifanywa operesheni ya kutolewa fibroidi, yaani uvimbe wa kizazi, mwaka huu, jaraha limekauka vizuri alhamdulillah, tatizo langu ni pumzi. Nakaa Michenzani ghorofa ya nne, zamani napanda na kikapu cha Darajani huku nazungumza na simu, sasa nikifika ya pili lazima nikae kwenye ngazi, moyo unadunda na masikio yanavuma. Nikikaa kitako sina neno. Eksirei safi, kipimo cha moyo cha waya safi, kile kidude cha kubana kidole kinasema 98, dakta akanambia dada huo ni wasiwasi tu. Wasiwasi wa ngazi? Mbona nikilala nikawaza ada za skuli pumzi hazinibani? Waliopitia njooni mseme, ilianzaje, inakuja ukiwa umekaa vipi, na mwisho ikaonekana nini. Si lazima iwe operesheni kama yangu.

Mama wa Wete
Waaleykum salaam dada. Yangu haikuja polepole kama yako. Nlijifungua kwa operesheni, nkarudi kwa mama uzazini, na unajua uzazi wetu, kulala ndani, uji wa pilipili manga, kukandwa maji moto, mkaja umekazwa mpaka mbavuni. Kabla ya arubaini mguu wa kushoto ukaanza kuuma kwenye shavu la mguu, ukavimba huo mmoja tu, mama akasema ni baridi ya uzazi tukauchua mafuta ya karafuu. Kisha alfajiri moja nainuka kumnyonyesha mtoto, pumzi zikakata ghafla, nkivuta hewa kinanichoma ubavuni kama sindano. Kila mtu akalaumu mkaja, ukafunguliwa, wapi, pumzi zile zile.

Hospitali ya kwanza wakapiga eksirei wakasema mapafu safi nenda nyumbani. Kaka yangu mbishi akagoma kuondoka, akawa anawaambia mtazameni mguu basi. Alhamdulillah kwa ubishi wake. Tukavushwa Unguja, nkapigwa siti skani ya kifua ile wanayokutia dawa mshipani, ikaonekana damu iliganda mguuni ikapanda mpaka kwenye mapafu ikaziba. Dakta alinieleza vizuri, eksirei inaonesha pafu lenyewe, haioneshi bonge la damu ndani ya mshipa, kwa hiyo inaweza kuwa safi kabisa na wewe unakwenda. Nkaanzishwa sindano za tumboni halafu vidonge vya warfarin, vya kuzuia damu isigande, na kunyonyesha niliendelea maana walisema haina neno.

Mie sisemi uzazi wa mama zetu mbaya, uji nautaka mpaka leo. Lakini huko kulala tu siku nenda siku rudi baada ya kupasuliwa, hapana. Tembea hata ukumbini.

Kijana wa Ng'ambo
Mie fupi tu. Operesheni ya ngiri, tena nilikuwa mvuta sigara. Jaraha linauma kwa hiyo nikawa napumua juu juu na kikohozi nakizuia, makohozi yakajaa, sehemu za chini za mapafu zikajikunja na homa ikapanda. Dakta wa mazoezi akanipa chupa ya maji nusu na mrija, napuliza polepole mapovu yatoke, kila saa napuliza, na nikitaka kukohoa nabana mto kwenye jaraha. Watu wodini wakinicheka eti nacheza. Ilisaidia bwana, na sigara nimeacha, sijui kama kwa hiari au kwa woga.

Mvuvi Mstaafu
Wanangu hamjambo. Mie nilipasuliwa moyo huko Dar, kubadilishwa valvu. Moyo ukawa mzima, kila wakipima eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, wanasema mzee moyo unapiga vizuri. Lakini nkilala chali nazama. Nikenda rukuu pumzi zinabana, sijida ndo usiseme, mpaka nkawa naswali kwenye kiti na mie nilikuwa naadhini. Usiku nalala nimekaa, mito mitatu mgongoni, bi mkubwa wangu hapati usingizi ananihesabia pumzi.

Kilichowafumbua macho ni kitu kidogo. Nlimwambia dakta mmoja kijana kwamba pwani yetu Mkokotoni nikiingia majini mpaka magotini poa, yakifika kifuani nashindwa kabisa kuvuta hewa, mie nliezaliwa majini! Akaniangalia, akaitafuta eksirei yangu ya zamani, akanionesha kiwambo, yaani ule msuli uliokaa chini ya mapafu, upande wa kushoto umepanda juu kuliko kawaida. Nkapelekwa kwenye mashine ya eksirei inayoonesha picha ikitembea, nkaambiwa nuse kwa nguvu kama mtu mwenye mafua. Upande wa kulia ukashuka kama inavyotakiwa, wa kushoto ukapanda juu. Mshipa wa fahamu unaouendesha unapita ubavuni mwa moyo, akasema unaweza kupata jeraha wakati wa operesheni, hata ile barafu ya kupozea moyo yaweza kuudhuru.

Dawa yake hakuna kidonge, ni mazoezi ya pumzi na subira, walinambia mshipa huo ukipona hupona kwa miezi, wengine mwaka na zaidi, na wengine haurudi. Mie umerudi kiasi. Nalala kwa mto mmoja na nusu, hahaha. Majini siingii zaidi ya kiunoni.

Shunguu
Na kusomewa jamani? Shangazi yangu baada ya kutolewa rovu alikuwa hivi hivi, hawezi kuvuta hewa na sauti imekauka, watu wote wakasema kavamiwa.

Nesi wa Zamu
Shunguu, msomeeni, kisomo hakimzuii mtu kwenda hospitali, lakini rovu linakaa karibu na mishipa ya fahamu ya sauti. Akipasuliwa shingo halafu sauti ikakwaruza na akivuta hewa inapiga mluzi, huyo atazamwe koo na daktari wa masikio, pua na koo, tena haraka, maana njia yenyewe ya hewa inaweza kuwa imekuwa nyembamba.

Na kwa wote, mimi niko wodini nayaona haya. Pumzi zikikata ghafla, au mguu mmoja umevimba, au kifua kinachoma ukivuta hewa, au umekohoa damu, au umezimia, midomo imebadilika rangi, hiyo si ya kuandika humu, ni ya kwenda usiku huo huo, na uwaambie neno la kwanza kabisa kwamba umefanyiwa operesheni karibuni. Hatari ya damu kuganda haiishi ukitoka wodini, inakwenda mpaka kama miezi mitatu. Wasiwasi nao unabana pumzi kweli, sikatai, ila hilo ni jibu la mwisho baada ya kuondoa mengine, si la mwanzo.

Ghorofa ya Nne, damu yako ngapi?

Ghorofa ya Nne
Dada sijui, walipima kabla ya operesheni tu. Lakini oksijeni si 98?

Nesi wa Zamu
Kile kidude hakihesabu damu, kinasema tu damu uliyonayo imebeba oksijeni asilimia ngapi. Ni sawa na kusema daladala zote zimejaa abiria, kumbe barabara nzima zipo mbili. Fibroidi zinatoa damu nyingi miezi kwa miezi kabla hata hujapasuliwa, halafu ukapoteza nyengine tieta. Kapime.

Ghorofa ya Nne
Nimerudi. 7.6! Na mwanamke anatakiwa 12 kwenda juu. Dakta mwengine huyu, mpole, alinivuta jicho chini akaguna tu. Kanipa vidonge vya kuongeza damu na foliki, kanambia nisivinywe na chai, ninywe na juisi ya chungwa au ndimu, na nirudi kupima, na kama vidonge havikupandisha watanitia dripu ya madini ya chuma. Choo kimekuwa cheusi nilishtuka, kumbe ni vidonge. Ngazi bado nakaa ya pili.

Kijana wa Ng'ambo
Ukikaa ya tatu tuambie.

Shunguu
Mama wa Wete, hivyo vidonge vyako vya warfarin, kweli ukivinywa huli kisamvu? Mamangu kaanzishwa juzi na nyumbani kwetu mboga ndo hiyo na matembele.

Mama wa Wete
Nilikula. Usimkatie, na usimjazie. Kisamvu, mchicha, matembele vinapunguza nguvu ya dawa, kwa hiyo ale kiasi kile kile kila wiki, kisha wao wanarekebisha kidonge kwa kipimo cha INR, kile cha kuona damu inachukua muda gani kuganda, yangu walitaka iwe kati ya 2 na 3. Kinachoharibu ni wiki hii sufuria zima, wiki ijayo hakuna. Na akiumwa kichwa asimeze diklofenaki za dukani, aulize kwanza.