Mnatuwekea mfumo ndani ya kontena, mlango hamtuonyeshi!

Wakuu, habari za usiku. Naandika nikiwa mbele ya kompyuta ya mizani hapa Mtwara. Msimu wa korosho umepamba moto, na leo nimesemwa na watu wazima mbele ya foleni kwa kosa ambalo si langu.

Chama chetu cha msingi kiliwekewa mfumo wa kupimia. Mafundi walikuja, wakasimika kwa siku moja, wakapiga picha na viongozi, haoo wakaondoka. Mfumo unakaa ndani ya kontena la Docker, yaani boksi la kidijitali ndani ya kompyuta linalobeba programu na vitu inavyohitaji. Mzee wa stoo aliposikia kontena akauliza litatoka lini bandarini. Sikumcheka, maana hata mimi niliachiwa karatasi moja tu, nayo inaeleza jinsi ya kuwasha na kuzima kompyuta!

Kisa kilianza na saa. Bibi mmoja alipima magunia yake saa nne asubuhi, risiti ikatoka imeandikwa 07:12. Akanirudishia: "Mjukuu wangu, saa moja mimi nilikuwa bado chini ya mkorosho naokota. Hizi kilo ni za nani?" Ana haki. Saa ya kompyuta iko sawa, ila kontena linafuata UTC, yaani saa ya kimataifa, ambayo iko saa tatu nyuma yetu.

Nikampigia fundi. Anajibu huku anatafuna, nasikia kabisa. "Piga docker attach, ukimaliza toka kwa Ctrl+C." Nikapiga. Hakuna pa kuandika amri, ni mistari ya kumbukumbu tu inashuka. Nikatoka kama nilivyoelekezwa. Printa kimya. Mizani inasoma, mfumo haupokei. Foleni ikafika mpaka kwenye mwembe.

Kumbe attach haikuingizi ndani! Inakuunganisha na ile programu kuu inayolishikilia kontena, na Ctrl+C yako inakwenda kuiua hiyo hiyo. Ikifa, kontena nalo limezimika. Kuna kutoka salama kwa Ctrl+P kisha Ctrl+Q, lakini hiyo inakubali pale kontena lilipowashwa kwa -it, yaani kwa kuruhusiwa kuandika amri ndani yake kupitia skrini, na letu halikuwashwa hivyo. Wala hawakuweka `--restart unless-stopped` ili lijiinue lenyewe. Kuandika hayo ni kazi ya sekunde ngapi?

Nikaliwasha kwa `docker start mizani`, kazi ikaendelea. Mchana watu walipopungua nikajaribu `docker exec -it mizani bash`. Jibu: bash haipo, yaani lile ganda, programu inayopokea amri unazoandika. Nikahisi nimeua kitu kingine. Dogo mmoja aliyeko field hapa ofisini akaniambia, "Kaka, hiyo ni Alpine, andika sh." Kumbe Alpine ni Linux ndogo isiyokuja na bash, ganda lake ni sh. Nikaandika sh, ikatokea `/app #` ikinisubiri. Miezi miwili nazunguka nje ya nyumba, kumbe mlango ni herufi mbili.

Na exec ndiyo niliyopaswa kuambiwa tangu mwanzo. Inafungua kazi mpya pembeni, ukiandika exit inakufa hiyo tu, mfumo unaendelea kupima. Si kitu kipya, ipo tangu 2014.

Humo ndani nano, ile programu rahisi ya kuhariri faili, hakuna, ni vi. Data za majira ya saa nazo hakuna, ikabidi `apk add tzdata`. Nikarekebisha faili la mipangilio, nikaliwasha upya kontena, risiti zikatoka na saa ya Tanzania. Nikajipongeza kwa soda.

Jioni hii fundi, bila kuniambia, ameingia kutoka huko aliko, amefuta kontena la zamani na kusimika jipya. Marekebisho yangu yote yamekwenda nalo, maana nilichobadilisha ndani kilikuwa cha kontena lile, si cha picha (image), yaani kile kiolezo kilicholizaa. Nimepima gunia la majaribio sasa hivi: saa tatu nyuma, vilevile!

Nyie mnaouza mifumo hii, mnashindwa nini kuandika majira ya saa kwenye picha yenyewe mkiitengeneza? Mnashindwa nini kuacha mistari mitatu: jina la kontena, amri ya kuingia, na ganda lililomo ni lipi? Pesa mmelipwa yote.

Kesho saa moja na nusu mizani inafunguliwa, na yule bibi amesema anarudi na magunia yaliyobaki. Fundi, kama unasoma humu, namba yangu unayo. Maliza kula kwanza.