Ndege ya sola isiyo na rubani huvukaje usiku?

Swali: Ndugu zangu, naelewa jinsi paneli za sola zinavyoendesha mota mchana, lakini jua likishazama, ni nini huizuia ndege isishuke hadi ardhini?

Jibu la 1: Betri zilizochajiwa mchana ndizo huzungusha rafadha usiku; isitoshe, ndege hupandishwa juu sana kabla ya magharibi, kisha huachwa ishuke polepole, hivyo kimo chenyewe huwa akiba ya nishati. Zephyr, ndege mojawapo ya aina hii, yenye mabawa ya mita 25 na uzito usiofika kilo 75, ilikaa angani siku 64 mwaka 2022.

Jibu la 2: Wepesi huo ndio unaonitia wasiwasi. Helios, ndege nyingine ya sola isiyo na rubani, ya NASA (shirika la anga la Marekani), ilikumbwa na msukosuko wa hewa mwaka 2003, bawa likapinda kupita kiasi, ikavunjikia angani karibu na Hawaii.

Muulizaji: Ahsanteni. Sikuwahi kukifikiria kimo kama akiba.