Roboti ya kwanza ya mapambano, gramu 150: silaha inayozunguka au kabari?

MzaziBirmingham aliuliza:

Salaam kwenu nyote. Mimi ni Mtanzania ninayeishi Birmingham na familia yangu. Binti yangu mwenye umri wa miaka 14, tangu alipotazama marudio ya Robot Wars, kipindi cha televisheni cha Uingereza cha mapambano ya roboti, hana mazungumzo mengine: anataka tuunde roboti hapa nyumbani na kuiingiza katika mashindano ya daraja linaloitwa antweight. Kanuni za msingi nimezielewa, kwamba kwa Uingereza roboti isizidi gramu 150 na kwamba pambano linapoanza iweze kuingia ndani ya mchemraba wenye upande wa inchi 4, yaani takriban sentimita 10.

Mvutano wetu ni juu ya silaha. Yeye anataka upau wa chuma unaozunguka wima kwa kasi, ilhali mimi, ambaye kazi yangu ni uhasibu na ujuzi wangu wa umeme unaishia kwenye kubadilisha fyuzi, nadhani tuanze na kitu kilicho rahisi. Tuna drili ya mkono, msumeno wa chuma na kifaa cha kulehemu kwa risasi. Naomba ushauri kuhusu silaha, malighafi ya mwili, na zaidi ya yote betri, kwa sababu karakana yetu ni meza ya jikoni.

FundiGia alijibu:

Karibuni sana katika mchezo huu, wewe na binti yetu. Mimi naishi Manchester na nimeshiriki daraja hilo kwa muda. Kabla ya kununua mota hata moja, nunueni mizani inayosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu, kwa kuwa katika gramu 150 kila skrubu ni uamuzi. Hesabu ya kawaida huwa hivi: betri gramu 18, mota mbili ndogo za gia gramu 20, kidhibiti mwendo 5, kipokezi cha rimoti 3, magurudumu 10, nyaya na skrubu 8, swichi 2. Mkiongeza sevo (mota ndogo inayogeuka hadi pembe mnayoiagiza) ya kuinulia yenye gia za chuma, ambayo ni kama gramu 13, mmefika 79, na zilizobaki 71 ndizo za mwili pamoja na chochote kinachogusana na adui.

Sasa tazameni maana ya hizo 71. Bamba la chuma la sentimita 10 kwa 10 lenye unene wa milimita 3 lina uzito wa gramu 235, kwa hiyo sakafu peke yake imekwisha kuvunja kanuni. La alumini ni gramu 81. La poliethilini nzito, ile plastiki nyeupe ya vibao vya kukatia mboga, ni kama gramu 28 tu, nayo inapopigwa hubonyea badala ya kupasuka. Ndiyo maana watu wengi hukata roboti yao ya kwanza kutoka kwenye kibao kilichonunuliwa dukani, na msumeno wenu unatosha kabisa kwa kazi hiyo. Wenye printa ya 3D hupenda plastiki laini inayopindika kama mpira. Ile ngumu ya kawaida inayochapishwa kwa urahisi huvunjika vipande pembeni mwa matundu ya skrubu.

Tahadhari moja kuhusu maelekezo mtakayoyakuta mtandaoni: huko Marekani antweight ni roboti ya pauni 1, yaani gramu 454, na hii ya gramu 150 wao huiita fairyweight. Nimewaona watu wakiagiza mota za Kimarekani zenye uzito wa roboti yetu nzima.

Kuhusu silaha, niko upande wako, Mzazi. Anzeni na kabari, yaani sehemu ya mbele iliyoinama inayoingia chini ya mpinzani, au na mkono wa kuinua. Sevo niliyoitaja ina nguvu ya takriban kilo 1.8 kwenye mkono wa sentimita 1, kwa hiyo mkono wa sentimita 5 unaweza kuinua kama gramu 360, zaidi ya maradufu ya uzito wa mpinzani yeyote mtakayekutana naye. Viwanja vingi vya daraja hili vina shimo au ukingo ulio wazi, na roboti ikisukumwa humo pambano limekwisha bila kujali ilikuwa na silaha gani. Robot Wars ya kwanza kabisa iliyorushwa na BBC mwaka 1998 ilitwaliwa na Roadblock, roboti iliyokuwa kimsingi kabari yenye msumeno nyuma.

Kinachoamua zaidi ni uendeshaji. Gurudumu la milimita 30 kwenye mota ya mizunguko 1,000 kwa dakika huipa roboti kasi ya mita 1.5 kwa sekunde, na katika kiwanja cha upana wa sentimita 76 hiyo ni nusu sekunde kutoka ukuta hadi ukuta. Kwa mtu anayejifunza, mota za mizunguko 500 zinafaa zaidi. Tena yafanyeni magurudumu yawe marefu kuliko kimo cha mwili ili roboti ikipinduliwa iendelee kutembea chali.

MwalimuWaFizikia alijibu:

Ninaafiki habari ya mizani na ya kibao cha mboga. Hata hivyo, nahofia kwamba tunamnyima binti huyu kile hasa kilichomvuta, na silaha inayozunguka ni somo zuri mno la fizikia kuliahirisha kwa sababu ya woga wetu watu wazima.

Tuchukue upau wa chuma wa gramu 25 wenye urefu wa milimita 60. Ukizunguka mara 10,000 kwa dakika, nishati mwendo yake ni takriban juli 4, sawa na kilo moja iliyoanguka kutoka kimo cha sentimita 42. Kinadharia nishati hiyo ingeweza kuirusha roboti ya gramu 150 karibu mita 2.8 juu, ingawa sehemu kubwa hupotea katika mgongano wenyewe. Nishati hukua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo mizunguko ikiongezwa hadi 20,000 zinakuwa juli 16.

Hapo ndipo wengi hudhani kwamba kasi zaidi ni bora siku zote, na sivyo. Ili jino, yaani ncha ya upau inayopiga, liume, lazima mpinzani aingie kiasi fulani ndani ya njia yake kabla jino halijarudi. Mkimkaribia kwa mita 1 kwa sekunde na upau una meno mawili, mizunguko 10,000 huacha nafasi ya milimita 3 tu kati ya jino na jino. Upau wenye jino moja, ukiwekewa uzito wa kusawazisha upande wa pili, hupata milimita 6. Mkipandisha mizunguko hadi 20,000 bila kuongeza mwendo wa roboti, nafasi hiyo hurudi nusu, na silaha huanza kukwaruza badala ya kupiga. Kwa maneno mengine, hata mwenye upau lazima ajue kuendesha, na afike kwa mpinzani kwa kishindo.

Upau wa wima una tabia nyingine ambayo binti ataifurahia: roboti inapogeuka ghafla, gurudumu la upande mmoja huinuka, kama vile pia ya kuchezea inayozunguka inavyokataa kulazwa. Dawa ni kutanua nafasi kati ya magurudumu, au kupunguza mizunguko wakati wa kugeuka.

Na kwa kuwa Fundi Gia ametaja historia, nami niongeze kwamba roboti Carbide, iliyobeba upau unaozunguka, ilikuwa bingwa wa msimu wa 9 wa Robot Wars mwaka 2017.

FundiGia alijibu:

Mwalimu, na katika fainali ya msimu wa 10 Carbide hiyo hiyo ilishindwa na Eruption, ambayo silaha yake ni ya kurusha. Hesabu zako ni sahihi, na sina ugomvi na upau. Ninachosema ni kwamba upau unahitaji mota isiyo na brashi, kidhibiti chake cha pekee, kizuizi cha kuufunga usizunguke unapobebwa, na sanduku la plastiki ya polikaboneti la kuujaribia. Meza ya jikoni haitoshi. Juli 4 zilizokusanyika kwenye ncha ya jino la chuma zinatosha kumpeleka mtu hospitali na jeraha la jicho.

FundiUmemeMvita alijibu:

Naandika kutoka Mombasa, ambako sijashindana na mtu kwa roboti, lakini betri za lithiamu polima nashughulika nazo kila siku kwenye karakana ya droni. Hofu ya Mzazi ina msingi, ila inatibika kwa utaratibu.

Kwa roboti hiyo mtahitaji betri ya seli mbili, volti 7.4, yenye uwezo wa takriban milliampia-saa 300. Pambano la dakika 3 likitumia betri yote hadi mwisho, wastani wa mkondo ni ampia 6. Mkiacha sehemu moja ya tano kwa usalama, kama inavyopasa, ni ampia 4.8. Mota mbili ndogo za gia kwa kawaida hazifiki hapo hata zikikwama, kwa hiyo roboti ya kabari haitaisumbua betri hiyo. Mota ya upau inapoanza kuzunguka ni habari nyingine, na hapo msome vizuri kiwango cha mkondo kilichoandikwa kwenye ganda.

Tumieni charja inayosawazisha seli, iliyowekwa ampia 0.3 kwa betri ya ukubwa huo. Seli isipite volti 4.2 wala isishuke chini ya 3.0, na betri inayokaa kabatini iachwe kwenye volti 3.8 kwa kila seli. Kuchaji kufanyike ndani ya mfuko usioshika moto, juu ya kigae au tofali, mbali na jiko na mapazia, mtu mzima akiwa macho na akiwa chumba hicho hicho. Jikoni panafaa kuliko chumbani, mradi sakafu ni ya vigae.

Ndani ya roboti, betri ikae katikati, izungukwe na sponji, na pasiwe na ncha ya skrubu inayoielekea. Betri iliyobonyea au kuvimba baada ya pambano itolewe nje ya nyumba, iangaliwe kwa muda, kisha ipelekwe kituo cha kukusanyia taka za kielektroniki. Isitupwe kwenye pipa la nyumbani. Tena kabla ya kuunganisha waya wowote, pimeni chanya na hasi kwa mita, maana kidhibiti kikipewa umeme kinyume huungua papo hapo.

MzaziBirmingham alijibu:

Nawashukuru sana. Tumekaa na kufikia mwafaka: mwili utakuwa wa kibao cha mboga, na sehemu ya mbele itafungwa kwa bolti mbili ili ibadilishwe. Tutaanza na kabari, na upau utasubiri hadi tupate sanduku la kujaribia. Binti ameuliza kama wakaguzi wa mashindano huruhusu kubadilisha sehemu ya mbele kati ya pambano na pambano, na ni nini kingine wanachokitazama.

FundiGia alijibu:

Kwa kawaida wanaruhusu, ila kila umbo lipimwe uzito na kukaguliwa kabla ya kutumika, kwa hiyo jambo hilo mlitaje mapema kwa waandaaji wenu. Wazo lenyewe lina ukoo mzuri: katika fainali ya msimu wa 6 wa Robot Wars, roboti Tornado ilimshinda Razer ikiwa imefungiwa fremu iliyozuia mdomo wa kuponda wa Razer usiufikie mwili wa Tornado.

Wakaguzi watataka kuona swichi au kiunganishi kinachokata umeme wote na kinachofikika bila kufungua roboti, taa ndogo inayoonyesha kwamba roboti imewashwa, na pembe kali zilizofunikwa inapobebwa. Halafu watawaambia mzime rimoti huku roboti ikitembea, na mota zote lazima zisimame zenyewe. Vipokezi vingine vikipoteza mawimbi huendelea kushikilia amri ya mwisho, na jambo hilo hurekebishwa kwa kukiunganisha upya kipokezi na rimoti vijiti vikiwa katikati. Lijaribuni hilo nyumbani mkiiweka roboti juu ya kopo, magurudumu yakiwa hewani.