Simu inapimaje jicho bila kuingiza mwale ndani yake?

MwalimuFizikia

Wanajukwaa, salaam. Ninafundisha fizikia kidato cha tatu, na wiki hii tumefika kwenye lenzi na dosari za macho. Mwanafunzi mmoja alileta darasani habari za Ramesh Raskar, mtafiti mzaliwa wa Nashik nchini India, wa maabara ya Media Lab katika chuo cha MIT, ambaye mwaka 2016 alipewa Tuzo ya Lemelson-MIT yenye thamani ya dola 500,000. Habari ile ilitaja kamera iliyonasa mwendo wa nuru ndani ya chupa ya soda, pamoja na kifaa kiitwacho NETRA, kinachopachikwa kwenye simu ili kupima macho. La kamera nilijitahidi kulieleza. La simu lilinishinda. Mashine za kupimia macho ninazozifahamu hurusha mwale ndani ya jicho na kuupima unaporudi, ilhali simu haina mwale huo wala kihisio cha kuupokea. Inapima nini hasa? Na kama kweli inapima, kwa nini huku kwetu mtoto asiyeona ubaoni bado anahamishiwa dawati la mbele badala ya kupewa miwani?

Mbinuko

Mwalimu, simu haipimi. Jicho la mpimwaji ndilo linalopima. Mwaka 2010 Raskar na wenzake, akiwamo Vitor Pamplona, waliigeuza kazi ya mashine kichwa chini miguu juu: nuru inatoka kwenye skrini kuingia jichoni, na mtu mwenyewe anaonyesha alichokiona. Hata jina limechaguliwa vizuri, kwa kuwa netra kwa Kihindi ni jicho.

Msingi wake ni wa zamani. Padri Mjesuiti wa Ujerumani, Christoph Scheiner, aliueleza mwaka 1619, nawe unaweza kuujaribu darasani. Toboa kadi kwa sindano matundu mawili yaliyoachana kama milimita mbili, ili yote yaenee ndani ya upana wa mboni, kisha tazama taa ndogo ya mbali kwa jicho moja. Miale ya matundu hayo hupita sehemu mbili tofauti za lenzi. Jicho lisilo na dosari huikutanisha kwenye retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea nuru, na mtu huona nukta moja. Jicho lisiloona mbali huikutanisha kabla ya retina, ikapishana na kutua mahali pawili, na mtu huona nukta mbili. Ukiziba tundu la kulia ikatoweka nukta ya kulia, jicho hilo halioni mbali. Ikitoweka ya kushoto, dosari ni ile ya kinyume chake.

NETRA huweka mistari kwenye skrini badala ya taa, na mpimwaji huisogeza kwa kubonyeza hadi aione imeungana. Kadiri alivyoisogeza ndivyo dosari ilivyo kubwa, na umbali huo hubadilishwa kuwa dayopta, yaani kizio cha nguvu ya lenzi. Zoezi hurudiwa kwa pembe mbalimbali, kwa sababu jicho lenye astigmatizimu halina nguvu sawa pande zote.

Kuhusu kamera, uwatahadharishe wanafunzi: ni kweli kasi yake ilikuwa kama picha trilioni moja kwa sekunde, lakini filamu ile haikunasa pigo moja la nuru. Iliunganishwa kutokana na mapigo mengi mno ya leza, yanayofanana, yaliyorudiwa tena na tena.

MpimaMacho

Maelezo ya Mbinuko ni sahihi, ila kwa watoto kuna tatizo ambalo sisi wa kliniki hulikuta kila siku. Lenzi ya jicho la mtoto ni laini na ina nguvu, hivyo akitazama kitu kilicho karibu na uso wake huikaza bila kujua, na kipimo kikatoka kana kwamba haoni mbali kuliko ilivyo kweli. Ndiyo maana tunatumia matone ya kulegeza jicho kabla ya kuwapima. Vilevile, namba ya miwani haikuambii kama kuna ugonjwa ndani ya jicho.

Kuhusu dawati la mbele, kipimo si mahali pagumu zaidi. Tazama yaliyofanyika Trans Nzoia, Kenya, kwa programu ya simu iitwayo Peek, ambayo daktari wa macho Andrew Bastawrous na wenzake waliijaribu kwanza Nakuru. Hiyo haitafuti namba ya miwani. Inaonyesha herufi E iliyogeuzwa huku na huku, na mtoto anaonyesha kwa mkono inakoelekea, kwa hiyo hata asiyejua kusoma anapimika, na mwalimu wa kawaida anaweza kumpima. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, shule 50 ziligawanywa makundi mawili. Katika kundi la Peek, wazazi walitumiwa ujumbe wa simu na kuonyeshwa picha ya jinsi mtoto wao anavyoona ukungu. Kati ya watoto walioandikiwa kwenda hospitali, asilimia 54 walikwenda. Katika kundi la utaratibu wa kawaida, asilimia 22. Kwa maoni yangu, ile picha ya ukungu ni uvumbuzi mkubwa kuliko herufi E. Na bado karibu nusu hawakufika.

MwalimuFizikia

Ninawashukuru nyote. Nilikuwa nikimwandikia mzazi barua yenye neno "macho hafifu" nikidhani inatosha. Nitaona namna ya kumwonyesha ubao kama mwanawe anavyouona.

Jana usiku niliitoboa kadi nikatazama taa ya mnara wa simu ulio ng'ambo ya bonde. Jicho la kushoto liliona nukta moja. La kulia liliona mbili, na nilipoziba tundu la kulia, ya kulia ndiyo iliyotoweka.

MpimaMacho

Basi Mwalimu, wewe ndiwe wa kwanza kwenye orodha ya shule yako. Nenda ukapimwe.